Mwalimu Kajiunga

Mimi ni mtu wa kushuku, naomba hilo lieleweke mapema. Mteja akiniletea kitambaa nimshonee, nakigeuza upande wa nyuma kwanza. Nikisifiwa, najiuliza huyu anataka nini. Mama yangu alikuwa akisema nililala utotoni jicho moja limefumba, lingine linachungulia. Kwa hiyo haya ya mwalimu wetu wa kwaya myapokee kama yanavyotoka kwa mtu wa namna hiyo, tena mtu mwenye kesi ndani yake. Neno lililomwondoa Mwalimu kanisani lilitoka mdomoni mwangu. Nilikaa nalo kimya miaka sita, na mtu mwingine ndiye aliyelibeba.

Alizaliwa wapi sijui, na ukoo wake siujui. Ukimwuliza mambo hayo alikutazama kama vile umemwomba namba ya siri ya simu. Kwetu alikuwa Mwalimu, basi. Hata mke wake alimwita hivyohivyo. Yeye naye hakutuita majina. Alituita kwa sauti zetu. Mimi nilikuwa Sauti ya Pili, na kwa kuwa tulikuwa sauti ya pili tisa, akiita hivyo tuligeuka wote tisa, naye anakasirika, "Sikuwaita ninyi, nimemwita huyu mwenye cherehani!" Kiswahili chake kilikuwa cha kawaida, cha kwetu huku bara, hakina madoido. Lakini akitaka kutugombeza sawasawa alihamia Kinyaturu, na waliokuwa hawakijui walishukuru Mungu.

Alikuwa mrefu, mkavu, shati limefungwa vifungo mpaka cha shingoni hata jua likiwa la saa nane. Alitembea akiegemea mbele kidogo, maana upepo wa hapa mjini unamfundisha mtu mrefu adabu. Na alikuwa anashuku kuliko mimi. Hilo ndilo lililonifanya nimpende, na ndilo lililonifanya nimchunguze.

Kabla ya mazoezi ya Jumamosi alipitisha beseni la bluu, kila mtu aweke simu yake humo. Si kwa sababu ya kelele. Aliogopa tutamrekodi. Zamani, kabla sijajiunga na kwaya, alikuja mgeni kutoka Dar, akawarekodi nyimbo tatu akiahidi kuwaletea kanda, na hakuonekana tena. Tangu siku hiyo Mwalimu aliamini kwamba wimbo wake mmoja, ule wa mavuno, unazunguka mjini huko umevalishwa ngoma za kidunia na kuna mtu anaulia ugali. Kwa hiyo karatasi zake za nota hazikutoka mkononi mwake. Alizichana kipande cha mwisho, akatufundisha mstari wa kumalizia kwa mdomo tu, ili hata mwizi akiiba karatasi aibe wimbo usio na mwisho.

"Mwalimu, sasa wewe ukifa?" Sauti ya Tatu mmoja alimwuliza siku moja.

"Nikifa mtamalizia mnavyojua. Ndiyo maana nawafundisha kuomba."

Alikuwa na maneno yake. Alisema anayeimba kwa nguvu kuliko wenzake ana jambo anaficha. Alisema kikohozi cha mazoezini ni uvivu, kikohozi cha kweli kinaanzia nyumbani. Siku tulipokwenda naye kununua kitambaa cha sare kwenye duka la yule baba wa Kihindi karibu na soko, alilamba kidole, akasugua pembe ya kitambaa, akatazama kama rangi imetoka. Mwenye duka, aliyezaliwa hapahapa na anayesalimia wazee kwa Kinyaturu kizuri kuliko wajukuu zao, akacheka: "Mwalimu, miaka ishirini unalamba vitambaa vyangu. Umeshawahi kukuta rangi?" Mwalimu akajibu bila kucheka, "Bado." Akanunua palepale, kama alivyonunua miaka yote.

Kitu alichokichukia kwa moyo wote, au tulivyodhani, kilikuwa bongo fleva. Alikataza tusiimbe, tusipige mluzi, tusiweke hata kwenye mlio wa simu. Alikuwa akisema sauti ikishazoea kulewa haitaki tena maji. Kuna besi mmoja alikuwa anaimba chinichini wimbo uliokuwa unavuma wakati ule. Mwalimu akanyanyua mkono, kwaya yote kimya.

"Huo umeutoa wapi?"

"Kwenye bodaboda, Mwalimu. Dereva alikuwa ameufungulia."

"Basi rudi ukaimbe kwenye bodaboda."

Msichana mmoja wa sauti ya kwanza, mbea kama mimi, akaropoka kwamba hata hivyo wimbo huo si mbaya, umeimbwa na kijana fulani, akamtaja. Mwalimu alikuwa ameshainama kwenye karatasi zake. Bila kuinua kichwa akasema, "Si wa kwake. Yeye kashirikishwa tu, ubeti wa pili. Mwenye wimbo ni yule aliyegombana na meneja wake."

Loo! Sote tukageuza vichwa kumtazama. Mwalimu alitambua alichosema, akakohoa, akatuambia tusimame tuanze upya. Tuliimba, lakini mimi akili haikuwapo tena. Mtu asiyesikiliza anajuaje ubeti wa pili? Mtu asiye na hata simu ya kugusa anajuaje meneja kagombana na nani? Nikaliweka jambo hilo kiporo.

Sasa nimtaje huyu mwingine, maana bila yeye habari haisimami. Katibu wa kwaya. Alikuwa mtu mfupi, mnene kidogo, mpole, mchekaji, anaimba sauti ya tatu vibaya na anajua. Yeye na Mwalimu walikuwa chanda na pete. Mmoja akipata kuku wa kienyeji, mwingine anakula paja. Mwalimu, aliyeshuku kila kiumbe, hakuwahi kumshuku Katibu. Nota zote zile zilizochanwa, vipande vya mwisho alivitunza Katibu kwenye sanduku lake la bati. Na Katibu ndiye aliyeshika ufunguo wa sanduku la posta la kanisa. Mwalimu hakuwa na sanduku lake, barua zake zilipitia humo. Karibu kila mwezi ulimfikia mzigo bapa uliofungwa kwa nailoni nyeusi, na Katibu alimpelekea nyumbani hivyohivyo. Siku moja nikamwuliza Katibu mle ndani mna nini.

"Sijui."

"Hujawahi kuuliza?"

"Mzigo una jina la mtu, mwanangu. Si jina langu."

Nilimwona mjinga. Mwaka mzima unabeba kitu cheusi na hukiminyi hata kidogo? Mimi ningekuwa nimeshajua hata kimefungwa na mtu wa mkono gani.

Basi Mungu akanijaribu. Katibu alishikwa na malaria, akaniita kwake, akanipa ufunguo, nimsaidie kuchukua barua siku hiyo. Siku hiyo moja tu. Sandukuni hapakuwa na mzigo mweusi. Palikuwa na bahasha nyembamba yenye jina la Mwalimu, gundi yake imeachia pembeni. Sawa, nisiwe mwongo mbele yenu, niliisaidia kuachia. Nilifika chumbani kwangu, nikaishikilia juu ya mvuke wa sufuria, ikafunguka kama mdomo.

Juu ya karatasi palichorwa jicho. Jicho kubwa, na katikati ya mboni pana nyota. Pembeni pameandikwa jina la Kiingereza ambalo kwangu halikusema lolote. Maneno yenyewe nayakumbuka mpaka leo, maana niliyasoma mara nne nimesimama: "Ndugu yetu mpendwa, hongera kwa kujiunga nasi kwa mwaka wa pili. Sasa wewe ni mmoja wa familia ya mastaa. Kila mwezi tutakufunulia siri ambazo wengine hawazijui. Namba yako ya uanachama ipo hapa chini, usimpe mtu mwingine."

Mnaojua mambo ya kwetu mmeshaelewa nilichoelewa. Kuna chama cha siri ambacho watu hawakitaji kwa jina. Inasemekana ndicho kinachowapa wasanii umaarufu na matajiri magari, na malipo yake ni kafara ya mtu wako wa karibu. Karatasi zimebandikwa mpaka kwenye nguzo za umeme, "Jiunge upate utajiri," na namba ya simu. Kwa hiyo mtu akijiunga na kifurushi cha simu tunasema kajiunga na kifurushi. Akijiunga na kikundi cha kuweka na kukopa tunasema kajiunga na kikundi. Lakini ukisikia mtu anasema "fulani kajiunga," akanyamaza hapo, akatazama pembeni, hakuna anayeuliza kajiunga na nini.

Niliirudisha barua ndani ya bahasha, nikaibandika kwa uji wa mtama uliobaki asubuhi, maana gundi sikuwa nayo, nikampelekea Katibu. Halafu nikakaa kwenye cherehani na lile neno linanichemka kifuani. Mchana akaja Mama Jeni, mwenzangu wa sauti ya pili, kuchukua sketi yake. Nilimwambia maneno mawili tu. Nilimwambia, "Mwalimu kajiunga."

Sikudanganya! Hilo ndilo nililojitetea nalo miaka yote hiyo. Barua ilisema kajiunga, nami nilisema kajiunga. Mama Jeni alikaa chini na sketi yake mapajani, akasema, "Lisemwalo lipo." Sketi nyingine mbili alizoziacha hakurudi kuzifuata mpaka wiki iliyofuata. Alikuwa na kazi ya kuzunguka.

Ukitaka kuona jinsi watu walivyo mafundi, waambie mtu kajiunga, halafu waache watafute ushahidi wenyewe. Ndani ya wiki mbili kila alichowahi kufanya Mwalimu kilipata maana. Anafunga kifungo cha shingoni, anaficha alama. Anakusanya simu kwenye beseni, anachukua nguvu zetu. Zile herufi za do-re-mi zenye nukta na vistari si nota, ni maandishi ya huko. Haiti watu majina kwa sababu majina keshayapeleka. Na safari yetu ya Kilimatinde, tulipokwenda kuimba kule juu mlimani, yule besi aliteleza akishuka kwenye lori akavunjika mguu. Si huyohuyo aliyefukuzwa arudi kwenye bodaboda? Ehee! Kafara iligoma, ikaishia mguuni. Mama wa yule besi alikuja kwangu analia kweli, na mimi nikampa pole. Nilimpa pole huku najua maneno yote yale yameanzia wapi, na hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sikusema. Nilikuwa bado naamini, na nikiamini huwa sina huruma.

Wazazi wakaanza kuwatoa watoto wao kwenye kwaya. Wazee wa kanisa wakamwita Mwalimu. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wa wazee hao, na alitusimulia kikao kile nyumbani huku anakunywa chai, anajisikia kama mtu aliyeua simba. Nasimulia kama alivyosimulia.

Mwenyekiti alimwuliza, "Mwalimu, tumesikia umejiunga. Ni kweli?"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Ni kweli."

Wazee wakashtuka, maana walitegemea atakataa, wamwonye, waende nyumbani wakale.

"Tangu lini?"

"Huu ni mwaka wa pili."

"Kuna aliyekushawishi?"

"Hakuna. Niliona tangazo, nikaandika mwenyewe."

"Na mkeo anajua?"

"Anajua. Mwanzoni alinicheka. Sasa ananisomea yeye, macho yangu yakichoka."

Baba mdogo alisema hapo mzee mmoja alitoa kitambaa akajifuta jasho.

"Unaweza kutoka?"

"Naweza. Ila mwaka nimeshauanza, itabidi uishe wenyewe."

"Na ukitoka, hawatakudhuru?"

Mwalimu akainua macho. "Wanidhuru kwa lipi?"

Wazee wakatazamana. Kapumbazwa kabisa, masikini. Katibu alikuwa amekaa pembeni anaandika kumbukumbu za kikao. Akaweka kalamu chini. "Samahani wazee wangu. Tumwulize kwanza, amejiunga na nini?"

Mwenyekiti akamkata. "Katibu, wewe andika. Kuna vitu havitajwi ndani ya nyumba ya Mungu."

Mwalimu alisimama. Alisema amewakosea vijana, amewakataza jambo ambalo mwenyewe analifanya kwa siri, na mtu wa namna hiyo hafai kusimama mbele ya kwaya. Aliiachia siku hiyohiyo. Halafu akamgeukia Katibu, rafiki yake, akamwambia mbele ya wote, "Kikulacho ki nguoni mwako." Akatoka. Mwezi haukuisha, akahamisha familia kwenda shambani kwake Mtinko.

Baba mdogo hakuelewa methali ile ilimhusu vipi Katibu. Mimi nilielewa, nikaweka kikombe changu chini. Mtu anayelamba vitambaa kutafuta rangi atashindwa kuona uji kwenye bahasha? Aliiona. Alijua barua yake imefunguliwa, na ufunguo alikuwa nao mtu mmoja.

Katibu aliurudisha ufunguo kanisani. Alisema mkono ukishashukiwa usishike tena vya watu. Na mnajua ufunguo walimpa nani? Walinipa mimi. Walisema aliwahi kuniamini nao.

Mwezi uliofuata mzigo mweusi ukaja. Jicho lilelile limebandikwa juu yake. Niliufungulia nyumbani mchana kweupe, mlango wazi, Biblia pembeni, nimesimama tayari kukimbia. Nikakata nailoni kwa mkasi wa kazi. Akatokea kijana amevaa miwani ya jua, meno yanang'aa, mikufu shingoni, na chini yake maandishi makubwa mekundu: nani kamwacha nani. Lilikuwa jarida. Jarida la muziki na habari za wasanii, lile ambalo watoto wa sekondari huazimana mpaka linachakaa. Ndani kuna ukurasa wa maneno ya nyimbo mpya, kuna vita vya maneno kati ya wasanii, kuna bango la kubandika ukutani. Na kwenye ukurasa wa nyuma, tangazo: "Jiunge leo, lipate jarida lako kila mwezi kwa posta."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, halafu nikakaa chini sakafuni, kicheko kikaisha.

Mtaniuliza kwa nini sikutoka mbio kwenda kusema. Ningesemaje? Nikisema ni jarida tu, wataniuliza nimejuaje. Nikisema nimefungua mzigo, wataniuliza na ile barua je. Na mimi naishi kwa kuaminiwa, watu wananiletea nguo za harusi na vipimo vya miili yao. Niliogopa, hakuna sababu nyingine. Tena kuna shetani alininong'oneza kwamba huenda kuna jambo bado, huenda jarida ni kifuniko tu. Mtu wa kushuku hakosi pa kujificha. Majarida yaliendelea kuja mpaka mwaka ule ukaisha. Yakawa saba. Niliyaweka chini ya vitambaa, na nitasema ukweli, yote niliyasoma.

Miaka ikaenda. Kwaya ilipata mwalimu mwingine, kijana mwenye kinanda cha umeme. Wale waliosema kafara walisahau, wakapata mtu mwingine wa kumsema. Siku nikikutana na Katibu sokoni alinisalimia kwa furaha, ananiuliza kazi, ananiuliza watoto, na sikumbuki hata siku moja aliyoniuliza kama siku ile ya malaria kuna nililoliona. Huenda alijua. Huenda alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe. Sitajua sasa.

Alifariki mwaka jana, wakati watu wanapura alizeti. Watu walijaa, makaburini hapakuwa na pa kukanyaga. Nilimtafuta Mwalimu kwa macho toka asubuhi. Mtinko si mbali, habari ilimfikia, nilihakikisha. Hakuja. Baada ya maziko nilikaa na mjane kwenye mkeka, akaniambia kwa sauti ya kuchoka, "Mume wangu kafa anashukiwa. Alikuwa anasema hana kinyongo, ila angependa tu kujua kosa lake." Nikasema pole, mama. Pole nyingine tena ya uongo. Usiku ule sikulala, na Jumamosi iliyofuata nikayafunga majarida saba kwenye kitenge, nikapanda bodaboda.

Mwalimu alikuwa nyuma ya nyumba anapepeta alizeti. Kazeeka, ila kifungo cha shingoni kimefungwa. Hata hapo, niwaambie, macho yangu yalizunguka kona zote za ule uwanja kutafuta dalili ya utajiri. Niliona kuku, niliona mizinga ya nyuki mitatu, niliona bati lililoshika kutu. Mke wake alinipa kigoda, akaingia ndani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sauti ya Pili." Hakusimama. "Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Nimekuja mwenyewe."

"Watu hawaji Mtinko wenyewe."

Nikamfungulia kitenge. Aliyatazama majarida, akachukua la juu, akalifungua moja kwa moja ukurasa wa maneno ya nyimbo, akapitisha kidole chini mstari kwa mstari. Ndipo nikajua alichokuwa anakitafuta miaka miwili ile.

"Wimbo wako wa mavuno," nikasema. "Uliwahi kuukuta?"

"Sikuwahi. Hakuna aliyeuiba." Alisema kama mtu anayekiri kosa. "Nilijiunga nimkamate mwizi. Mwezi wa kwanza sikumwona, wa pili sikumwona. Mwezi wa tatu nikajikuta nasubiri kujua yule binti karudiana na mwenzake au bado." Akacheka kidogo, akaficha kicheko kwa mkono. "Nilistahili kuondolewa. Mzee mzima nakataza watoto kitu, halafu nakisoma uvunguni."

"Mwalimu, hawakukuondoa kwa sababu ya jarida." Nikamweleza walichodhani wazee siku ile. Nilimweleza chama kile bila kukitaja, kama tunavyofanya sote, na mwanzoni hakuelewa, akaniuliza mara mbili. Alipoelewa aliweka ungo chini.

"Mimi? Kafara?"

"Ndiyo."

"Na nikawajibu nimejiunga. Mwaka wa pili." Alishika kichwa. "Nani aliwaambia neno hilo?"

Nilikuwa nimejipanga njiani, maneno mazuri, ya kuomba radhi, yenye mstari wa Biblia. Yote yakapotea. "Ni mimi, Mwalimu. Niliifungua barua yako mimi."

"Hapana," akasema haraka. "Ufunguo alikuwa nao Katibu."

"Siku ile alikuwa na malaria. Alinituma mimi. Hakuigusa wala hakuisoma. Nilimrudishia nimeshaibandika."

"Kwa uji wa mtama."

"Ndiyo."

"Nyumbani kwake walikuwa wanakunywa uji wa mtama kila asubuhi."

"Mwalimu, Singida nzima inakunywa uji wa mtama."

Nilisubiri anigombeze kwa Kinyaturu, anifukuze, anipige hata na ungo, ningeshukuru. Alikaa anatazama mikono yake. Mbegu za alizeti zilikuwa zinamwagika taratibu kutoka kwenye gunia lililoegemea vibaya, na hakuna kati yetu aliyelinyanyua.

"Alikuja hapa," akasema baadaye, si kwangu hasa. "Mara tatu. Mara ya tatu alikuwa keshaanza kuumwa, alikuja anatweta. Nilikuwa nimekaa hapo ndani nyuma ya mlango. Nikamwambia mke wangu aseme sipo. Nilimsikia kabisa. Alisema, 'Hamna shida, mwambie nilikuja kumsalimia tu.' Akakaa hapo ulipokaa wewe, kitambo, halafu akaondoka."

Niliinuka kutoka kwenye kile kigoda bila kujijua.

Aliniacha hapo uani. Alitembea polepole mpaka mlangoni, akashika mwimo kwa mkono mmoja, akaita ndani, "Mama! Siku ile ya mwisho Katibu alipokuja. Ulimpa hata maji?"

Ndani vyombo vikaacha kugongana.

"Ulinikataza, Mwalimu."